Sufuria Moja, Sahani Mbili: Chakula cha Nyumbani Kinachofaa Mtu na Mbwa

Katika maboma mengi ya Makueni, mbwa hapikiwi. Hula kinachobaki: ugali wa jana, ukoko wa sufuria, mchuzi wenye vitunguu na chumvi, mifupa ya kuku na, baada ya mavuno, mahindi yaliyoota ukungu ambayo hakuna mtu anayetaka kuyala. Mbwa huyo huyo ndiye anayelinda mbuzi usiku, ndiye anayebweka mgeni akikaribia lango, na ndiye anayecheza na watoto mchana.

Familia inaweza kumlisha mbwa wake vizuri kutoka sufuria ile ile inayopikiwa watu, bila kununua chakula cha dukani. Kuna masharti matatu. Kwanza, nafaka iwe safi. Pili, sehemu ya mbwa itolewe kabla ya kitunguu, chumvi na viungo kuingia. Tatu, nyama iive na mifupa itolewe. Masharti haya yanamlinda mbwa, na mawili kati yake yanawalinda watu wa nyumba hiyo pia.

Mahindi mabovu hayafai mtu wala mbwa

Kuna mazoea kwamba mahindi yaliyoharibika yasitupwe, bali wapewe kuku, ng'ombe au mbwa. Mazoea haya ni hatari. Ukungu unaoota kwenye mahindi ambayo hayakukauka vizuri unaweza kutoa sumukuvu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la aflatoksini. Sumu hii huharibu ini. Haina ladha wala harufu ya kuitambulisha, na moto wa jikoni hauiondoi. Ugali uliosongwa kwa unga wenye sumu unabaki na sumu hata ukikaa motoni muda gani.

Wakazi wa eneo hili wanaijua sumu hii kwa uchungu. Mwaka wa 1981, wagonjwa 20 walilazwa katika hospitali za iliyokuwa Wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, wakiwa na ugonjwa mkali wa ini. Kati yao, 12 walifariki. Walikuwa wamekula mahindi yenye sumukuvu, na vifo vya mbwa viliripotiwa katika eneo hilo. Mwaka wa 2004 sumu hiyo ilizuka tena katika eneo la mashariki mwa nchi, Makueni na Kitui zikiathirika zaidi. Visa 317 viliripotiwa na watu 125 walipoteza maisha.

Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka na sumukuvu. Hukataa chakula, hutapika, macho na ufizi wake hugeuka manjano, na wakati mwingine hutoa choo chenye damu. Mbwa akionyesha dalili hizi ilhali anakula unga ule ule wa familia, unga huo usipikiwe mtu yeyote mpaka ichunguzwe kama ndio chanzo.

Kuku na ng'ombe nao si mahali pa kutupia mahindi hayo. Ng'ombe anayekula chakula chenye sumukuvu huipitisha kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo yanayokunywewa na watoto.

Kinga huanzia shambani. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka unyevu ushuke hadi asilimia 13.5 au chini yake. Mkulima asiye na kifaa cha kupima unyevu anaweza kutumia chumvi. Achukue chupa safi ya glasi iliyokauka, atie punje za mahindi na chumvi kavu kidogo, aifunge na kuitikisa kwa dakika chache, kisha aiache itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu mwingi na yanahitaji kurudishwa juani. Yakikauka, magunia yasiyopitisha hewa huyahifadhi vizuri zaidi.

Kukoboa mahindi na kula muthokoi hupunguza sumu kwa sababu sehemu kubwa yake huwa kwenye ganda na kiini. Hata hivyo, hakuiondoi yote. Makapi yanayobaki baada ya kukoboa mahindi yenye shaka hayafai kupewa mbwa, kwa kuwa humo ndimo sumu inamobaki kwa wingi.

Toa sehemu ya mbwa kabla ya kukaanga

Mchuzi wa Kikenya huanza na kitunguu, na hapo ndipo tatizo la mbwa linapoanzia. Kitunguu maji, kitunguu saumu na majani ya vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Kuvipika hakusaidii. Kuvikausha na kuvisaga pia hakusaidii, kwa hivyo viungo vya mchuzi vya pakiti, ambavyo mara nyingi huwa na unga wa vitunguu na chumvi nyingi, visiingie katika chakula chake.

Kwa mbwa wa kilo 15, vitunguu vikubwa viwili au vitatu kwa siku moja vinaweza kumfanya augue. Kiasi kidogo kikirudiwa kila siku nacho humdhuru. Mbwa wa namna hii huchoka haraka, ufizi wake hupauka, na mkojo wake huwa wa rangi ya kahawia. Wenye mbwa wengi hudhani ni uzee au minyoo.

Suluhisho ni rahisi. Chemsha kwanza, chota sehemu ya mbwa, kisha endelea na mapishi ya familia katika sufuria nyingine. Kwa njia hii hakuna haja ya kupika mara mbili wala kuongeza kuni nyingi.

Vingine ambavyo mbwa hapaswi kupewa ni hivi:

• Chokoleti, kahawa na majani ya chai.
• Zabibu, mbichi au kavu, ambazo zinaweza kuharibu figo.
• Makadamia.
• Donge bichi la mkate au mandazi lenye hamira, kwa kuwa hufura tumboni.
• Pombe ya aina yoyote, pamoja na masimbi ya pombe za kienyeji.
• Peremende na chingamu zisizo na sukari, kwa kuwa nyingi huwa na kiungo cha zailitoli, ambacho hushusha sukari ya mwili wa mbwa ghafla.
• Mafuta yaliyokatwa kwenye nyama choma na ngozi ya kuku wa kukaangwa, ambavyo vinaweza kusababisha maumivu makali ya kongosho.

Msimu wa maembe, mbwa anaweza kupewa vipande vichache vya nyama ya embe. Kokwa isiachwe mahali atakapoifikia. Mbwa akiimeza inaweza kukwama kwenye utumbo na kuhitaji upasuaji. Kokwa la parachichi lina hatari hiyo hiyo.

Nyama, matumbo na mifupa

Mfupa uliopikwa huwa mkavu na hupasuka vipande vyenye ncha kali. Mifupa ya kuku ndiyo mibaya zaidi. Vipande hivyo hukwama kooni au hutoboa utumbo. Nyama ya mbwa itolewe mifupa yote, na mifupa hiyo ifukiwe au itupwe mahali asipoweza kuifikia.

Matumbo na viungo vya ndani vina hatari nyingine inayowahusu watu moja kwa moja. Mbuzi, kondoo au ng'ombe anapochinjwa nyumbani, wakati mwingine ini au mapafu huonekana yakiwa na vifuko vyenye maji. Desturi ya wengi ni kuvikata na kumrushia mbwa. Vifuko hivyo vinaweza kuwa vya minyoo ya hidatidi. Mbwa akivila vibichi, minyoo hukomaa tumboni mwake na mayai yake hutoka na kinyesi. Mayai hayo hushika kwenye manyoya, hupeperushwa kwenye mboga na huingia kwenye maji. Mtoto anayecheza na mbwa kisha akala bila kunawa mikono anaweza kuyameza. Vifuko kama vile vya mbuzi humea ndani ya ini au mapafu ya mtu, na huweza kuchukua miaka kabla ya kugunduliwa. Nchini Kenya ugonjwa huu unajulikana zaidi Turkana, lakini unaweza kuingia popote ambapo mifugo huchinjwa na mbwa hupewa viungo vibichi.

Wakazi wanashauriwa kuchinjia mahali panapokaguliwa na afisa wa nyama. Kiungo chenye vifuko kichomwe moto au kifukiwe kwa kina. Viungo visivyo na dosari vikatwe vipande vidogo na kuchemshwa kwa angalau dakika 30 kabla ya mbwa kupewa. Mbwa naye apewe dawa ya minyoo kulingana na ushauri wa daktari wa mifugo, kwa sababu si kila dawa ya minyoo inayoua minyoo ya aina hii.

Mapishi matatu ya sufuria moja

Vipimo vifuatavyo ni vya familia ya watu watano na mbwa mmoja mzima wa kilo 15 hivi. Kikombe kimoja ni mililita 250.

1. Muthokoi, ndengu na malenge

Vinavyohitajika: vikombe 3 vya muthokoi, kikombe kimoja na nusu cha ndengu, nusu kilo ya malenge na kikombe kimoja cha omena. Kwa sehemu ya familia: vitunguu 2, nyanya 3, mafuta, chumvi na dania.

Loweka muthokoi usiku kucha, umwage maji, kisha uuchemshe bila chumvi mpaka ukaribie kuiva. Chagua na kuosha ndengu, uzitie. Baada ya nusu saa tia malenge yaliyokatwa. Vyote vikiiva, chota vikombe viwili vya mbwa na kuviponda kwa mwiko, kwa kuwa punje nzima hupita tumboni mwake bila kumpa faida. Osha omena mara mbili kwa maji ya moto ili kupunguza chumvi na mchanga, zichemshe dakika kumi, uchanganye na chakula chake. Kaanga vitunguu na nyanya katika sufuria nyingine, mimina kilichobaki, weka chumvi na dania, na chakula cha familia kiko tayari.

Ikiwa maharagwe yatatumika badala ya ndengu, yalowekwe, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika kumi na kuendelea mpaka yaive kabisa. Maharagwe mabichi au yaliyoiva nusu huumiza tumbo la mtu na la mbwa.

2. Kuku na viazi vitamu

Vinavyohitajika: kuku mmoja, viazi vitamu 6 na karoti 4. Kwa sehemu ya familia: kitunguu, tangawizi, nyanya na chumvi.

Chemsha kuku katika maji matupu pamoja na firigisi, moyo na ini. Anapokaribia kuiva, tia viazi na karoti. Kwa mbwa, toa kikombe kimoja na nusu cha nyama isiyo na mfupa wala ngozi pamoja na firigisi na moyo, viazi viwili na karoti moja. Ini la kuku mmoja linamtosha mbwa kwa wiki nzima, kwa kuwa ini lina vitamini A nyingi na likizidi humdhuru. Supu inayobaki iongezwe kitunguu, tangawizi, nyanya na chumvi kwa ajili ya familia.

3. Wali, mayai na sukuma wiki

Vinavyohitajika: vikombe 3 vya mchele, mayai 7 na fungu moja la sukuma wiki. Kwa sehemu ya familia: kitunguu, nyanya, mafuta na chumvi.

Pika wali bila chumvi. Chemsha mayai mpaka yagande. Katakata sukuma wiki nyembamba na kuichemsha kidogo. Mbwa apewe vikombe viwili vya wali, mayai mawili yaliyopondwa na vijiko viwili vikubwa vya sukuma wiki. Mboga na mayai ya familia yakaangwe kama kawaida.

Mbwa anayeharisha kidogo lakini bado ana nguvu anaweza kupewa wali laini na nyama ya kuku iliyochemshwa bila mafuta kwa siku moja au mbili. Asipopata nafuu, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Ugali mtupu hautoshi

Ugali humpa mbwa nguvu, lakini haumjengi misuli wala mifupa. Mbwa anayeishi kwa ugali mtupu hukonda mgongoni, manyoya hukatika na vidonda huchelewa kupona. Kanuni rahisi ni sehemu mbili za wanga, sehemu mbili za nyama, samaki au mayai, na sehemu moja ya mboga. Kunde na ndengu husaidia, lakini hazichukui nafasi ya nyama kabisa.

Nyumba isiyoweza kununua nyama ya stiki inaweza kutumia mapafu, matumbo yaliyosafishwa na kuchemshwa, omena au mayai. Vyakula hivi ni vya bei nafuu na vinamfaa mbwa.

Kwa kuwa mbwa wa nyumbani hapewi mifupa, anahitaji kalsiamu kutoka mahali pengine. Maganda ya mayai yaoshwe, yachemshwe dakika kumi, yaanikwe na kusagwa mpaka yawe unga laini kama wa ngano. Nusu kijiko cha chai kwa siku kinamtosha mbwa mzima wa kilo 15. Watoto wa mbwa wasipewe bila ushauri wa daktari wa mifugo, kwa kuwa kalsiamu ikizidi huharibu mifupa inayokua.

Kwa jumla, mbwa mzima wa kilo 15 huhitaji takriban vikombe vinne hadi vitano vya chakula kilichopikwa kwa siku, vikigawanywa asubuhi na jioni. Mapishi yaliyo hapo juu ni karibu mlo mmoja mkubwa. Kipimo bora ni mkono: mbavu zinapaswa kuhisiwa zikipapaswa, lakini zisionekane kwa mbali. Mbwa anayenyonyesha huhitaji mara mbili au zaidi, na watoto wa mbwa walishwe mara tatu au nne kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote.

Chakula cha nyumbani kina mipaka yake. Mwaka wa 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, nchini Marekani, walichunguza mapishi 200 ya mbwa na kugundua kwamba asilimia 95 yalikosa angalau kirutubisho kimoja muhimu. Kwa hiyo, chakula kibadilishwe mara kwa mara badala ya kurudia kimoja mwaka mzima. Mbwa anayekua, mwenye mimba au mgonjwa atafutiwe ushauri wa daktari wa mifugo.

Sufuria ni moja, sahani ni mbili

Kupika pamoja si kula pamoja. Mbwa awe na sahani yake na upawa wake, vioshwe kando na vyombo vya familia. Chakula chake kichotwe kwanza kwa upawa safi, si baada ya watu kula. Jambo hili ni la usafi, na pia ni la heshima kwa wageni na majirani ambao dini au desturi zao haziruhusu mbwa kugusa vyombo vya chakula.

Chakula kipoe kabla ya mbwa kupewa. Kinachobaki kisikae juani kutwa nzima, kwani huvuta nzi na panya. Watoto wafunzwe kutomkaribia mbwa anapokula wala kumnyang'anya chakula, hata kama ni mpole. Kila anayemlisha anawe mikono kwa sabuni.

Kulisha mbwa kwa saa maalumu kuna faida nyingine. Mbwa anayejua chakula kiko nyumbani hurudi jioni, anashikika, na siku ya chanjo mwenyewe anaweza kumleta. Kenya ilizindua mwaka wa 2014 mkakati wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuteuliwa. Mkakati huo unahitaji angalau asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Mbwa wanaozurura wakitafuta chakula majalalani ndio wagumu zaidi kufikiwa. Mtu akiumwa na mbwa, kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa nyumbani.

Wakati wa kutafuta msaada

Mbwa apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kuchelewa akionyesha mojawapo ya dalili hizi: kutapika mara kwa mara, tumbo kufura, ufizi kupauka au kuwa wa manjano, mkojo wa kahawia, choo chenye damu, kutetemeka au kushindwa kusimama. Asilazimishwe kutapika kwa kunyweshwa chumvi au mafuta, na asipewe dawa za maumivu za binadamu, kwa kuwa nyingi ni sumu kwake. Mwenye mbwa akumbuke kueleza alichokula na saa alipokula. Pakiti au mabaki ya chakula hicho yaletwe yakiwepo.

Mkazi mwenye shaka kuhusu mahindi aliyohifadhi, au anayehitaji ushauri wa kulisha mbwa, dawa ya minyoo au chanjo, anashauriwa kumwona afisa wa kilimo au wa mifugo katika wadi yake. Mpaka apate jibu, mahindi yenye shaka yatengwe mbali na unga wa familia, chakula cha mifugo na sahani ya mbwa.